Nusu Inayobaki kwa Shakirah

Jumatatu, 3 Februari

Alhamdulillah, nimepata njia! Hajji Mubarak ana maduka mawili ya mchele: la Tororo, Uganda, analisimamia Odoi, la Busia ya Kenya analisimamia Shakirah, mjane mwenye sauti ya kunisahaulisha nimefika rakaa ya ngapi. Hajji anataka nimwandikie programu moja iendeshe yote mawili. Mateso! Kompyuta ya Odoi ni kikongwe, inaelewa Python ya zamani tu, lugha ya kuandikia programu. Ya Shakirah inaelewa mpya tu. Nikiifurahisha hii, ile inanuna. Kama wake wenza.

Leo nimegundua: ziambie zigawe moja kwa mbili. Ya zamani inaitupa ile nusu, inasema sifuri. Mpya inabaki na nusu yake. Basi nimeandika: nusu ikibaki, toa salamu. Kwa Odoi, kimya. Kwa Shakirah: "Umeamkaje, nuru ya macho yangu?"

Kumwambia kwa mdomo? Nilijaribu Idi iliyopita. Nikajikuta namuuliza bei ya mchele. Mchele wa tajiri wetu sote!

Jumatano, 5 Februari

Nimevuka mpaka, eti kukagua programu. Shakirah alikuwa anaitabasamia skrini. Akauliza kompyuta siku hizi zimejifunzia wapi adabu. Nikamjibu ni toleo jipya. Toleo jipya! Ulimi wangu, Mola akusamehe.

Akaingia Shafiq wa duka la jirani na sambusa za moto. Akaongea, akaongea, mpaka nikawa gunia mojawapo pale ukutani. Nilikula sambusa zake. Zilikuwa tamu, hilo ndilo linaloniuma.

Ijumaa, 7 Februari

Balaa! Mchele umefurika Tororo, kikongwe cha Odoi kimeelemewa, na Hajji amezibadilisha kompyuta bila kuniuliza: ya Shakirah Tororo, kikongwe Busia. Natawadha kwenda Ijumaa, simu ya Odoi hiyo. "Fundi, hii kompyuta inanitongoza! Bibi yangu amesoma yote. Sasa mimi naeleza nini?"

Nikamwambia ni virusi. Akacheka, akasema virusi hivyo vinaitwa Shakirah, Tororo nzima inajua. Nimwambie mwenyewe, kwa mdomo. Mkristo yule, lakini alihubiri kumshinda imamu.

Jumapili, 9 Februari

Shakirah ameniita. Kompyuta aliyoletewa haimsalimu, na asubuhi hana hamu hata ya kufungua duka. Kisha akanitazama usoni: Shafiq ametuma wazee, na kesho jioni atawajibu. Akauliza, yule aliyekuwa akiandika zile salamu, mdomo wake ameuweka rehani?

Nikafumbua mdomo. Nikasema nitaangalia waya.

Jumatatu, 10 Februari

Nimeswali, nimelia, nimeandika. Posa kamili, mahari, hata mbuzi wa mama yake! Na safari hii nimetumia akili. Sasa kikongwe kiko kwa Shakirah, basi nimegeuza: ikitoka sifuri, toa posa. Nimetuma kwenye kompyuta zote mbili kabla ya kupambazuka. Kwa Odoi, kimya.

Hajji amepiga simu. Mke wa Odoi ameikataa kabisa ile kompyuta mpya, kwa hiyo gari limeshazirudisha zote mbili zilikotoka. Vizuri sana! Shakirah ataisoma posa yangu kwenye skrini safi.

Nimevaa kanzu. Simu iko mkononi. Ee Mola, mlainishe moyo.

Inaita! Ni Odoi. Asubuhi yote hii, anataka nini? Simpokei. Laini hii leo ni ya Shakirah.