Programu Yangu ya Wiki Sita

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi kutoka mjini Mbarara na vumbi mpaka kwenye meno, lakini nimerudi na habari! Afande Tibenderana, askari mstaafu mwenye jimu nyuma ya soko, anatafuta mwalimu wa mazoezi ya nguvu. Hataki maneno. Anataka aletewe mtu mmoja aliyefundishwa wiki sita, pamoja na daftari linaloonyesha alianzia wapi na amefika wapi. Tarehe kumi na mbili Aprili, saa nne asubuhi.

Katika kambi nzima ya wakimbizi ya Nakivale, mwenye kitabu cha mazoezi ni mimi, Bonaventure, peke yangu. Cha Kifaransa, hakina jalada, nilikikuta kati ya mitumba. Kinaeleza kila kitu kisayansi. Mzigo uongezwe kidogo kidogo. Zoezi lifanane na kazi ambayo mtu anataka kuiweza. Na mwili haujengi nguvu wakati wa kunyanyua, unaijenga wakati wa kupumzika. Nimefika ukurasa wa arobaini. Yaliyobaki nayakisia.

Habari mbaya: Venuste naye ameambiwa alete mtu. Venuste! Mrundi wa mtaa wa chini mwenye bomba la chuma na madebe ya saruji uani kwake, asiyejua kusoma hata tangazo la posho. Vijana wanamwita kocha. Mimi wananiita Papa Parfait, kwa sababu nina mtoto anayeitwa Parfait. Basi, hicho ndicho cheo changu.

Jumatano, 5 Machi

Mteja wa kwanza amefika. Nilikuwa nimekodoa macho njiani nikingoja kijana mwenye mabega. Amekuja Bibi Godeberthe, jirani yetu, miaka sabini na moja, majivu ya Kwaresima kwenye paji la uso, fimbo mkononi.

Akaeleza shida yake. Mwaka jana, Ijumaa Kuu, kwenye Njia ya Msalaba, kituo cha kwanza alipiga magoti akainuka kwa kushika bega la mtu. Cha pili hivyo hivyo. Cha tatu, pale Yesu anapoanguka mara ya kwanza, na yeye akabaki chini. Wanaume wawili wakamnyanyua kwapani kama gunia la mihogo. Watoto wakacheka. Vituo kumi na kimoja vilivyobaki alivifuata kwenye kiti cha plastiki.

“Mwanangu,” akasema, “nilivuka mpaka na mzigo kichwani na mtoto mgongoni. Sasa nishindwe na magoti yangu mwenyewe?”

Nikamwambia kwa heshima kwamba mimi nafundisha wanamichezo. Mke wangu Nabintu akapaza sauti toka jikoni: “Bonaventure! Huyu mama ndiye alitupatia mbegu ya maharagi tulipofika hapa, fasi hatukujua mutu!”

Bon, haya. Nikanakili ukurasa wa kumi na mbili wa kitabu neno kwa neno, ili aondoke. Kaa kwenye kiti, inuka bila kushika kitu, mara tano. Pumzika. Rudia, mpaka seti tatu. Siku tatu kwa wiki, usifuatanishe siku. Kila wiki kiti kiwe kifupi zaidi kidogo. Ukifika chini kabisa, anza kupiga magoti. Hakuna hata kipande cha chuma! Aibu tupu. Kwenye daftari sikuandika hata jina lake.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempata mtu wangu! Jean-Paul, mpakiaji wa magunia ya mahindi pale Base Camp, katikati ya kambi. Shingo kama shina la mgomba. Nimempima kwa kunyanyua chuma kutoka chini: kilo mia moja, na bado anatabasamu.

Kitabu kina programu ya wiki kumi na mbili kwa mtu kama huyu. Mimi nina tano. Hesabu si ngumu: kazi mara mbili, muda nusu. Kuna wiki nzima inayoitwa ya kupunguza mzigo. Nimeipiga mstari. Kuna siku za kupumzika. Nimezipiga mstari pia, atapumzika akishinda. Mwandishi wa kitabu hiki hakuwa na haraka, labda alikuwa tajiri.

Alhamisi, 20 Machi

Kilo mia moja na kumi! Nimepita mbele ya ua wa Venuste mara tatu nikipiga mluzi.

Kero ya leo: Bibi Godeberthe. Ameacha kiti, ameacha benchi, sasa yuko kwenye kigoda, na kila hatua lazima aje kuniarifu. Leo alijisikia na nguvu, akauliza kama anaweza kufanya na kesho. Mimi nina Jean-Paul ameshikilia chuma hewani, mishipa imemtoka! Nikapiga kelele: “Pumzika, Bibi! Nenda kapumzike!” Akashukuru sana. Akasema ni jambo zuri kuwa na mwalimu mkali.

Jumamosi, 29 Machi

Jean-Paul ananihujumu. Jumatatu alinyanyua mia na tano. Jumatano, mia. Leo tisini na tano, na akakaa chini akakishika kichwa. Anasema halali usingizi. Anasema chakula hakipiti. Kazini amegombana na mwenye magunia. Anasema mikono inakataa hata kufunga vifungo vya shati.

Nimetafakari kisayansi. Mtu akipungukiwa nguvu, dawa ni mazoezi. Nimemwongezea kipindi cha asubuhi kabla ya kazi.

Nabintu, ambaye hajafungua kitabu hata ukurasa mmoja, amesimama na bidoni ya maji kichwani na kunifundisha: “Huyu kijana amechoka. Hata shamba banalipumzishaka!”

Nikamwambia shamba halina misuli.

Jumanne, 1 Aprili

Jean-Paul amehamia kwa Venuste. Nilidhani ni utani wa siku ya wajinga. Si utani.

Nimekwenda kuchungulia kupitia mwanya wa ua. Nilichokiona! Jean-Paul amelala kwenye mkeka chini ya turubai, mchana kweupe, anakoroma. Pembeni sahani ya ugali wa posho na maharagwe, tupu. Chuma kimesimamishwa ukutani. Haya ndiyo mafunzo ya Venuste! Nikacheka mpaka ua ukatikisika. Venuste akatokea na kuniuliza taratibu kama nimepoteza kuku.

Ijumaa, 4 Aprili

Bado analala. Siku ya nne. Nimeuliza mtaani, wanasema Venuste kamwambia: wewe umeharibiwa, kula, lala, nyanyua kidogo siku moja moja usisahau. Hiyo ni programu? Mama yangu angeweza kuiandika.

Lakini mimi sina mtu. Siku nane zimebaki. Nimemfuata fundi matofali, amekataa. Nimemfuata mchoma mkaa, amesema alimwona Jean-Paul alivyokuwa, na yeye ana watoto. Nabintu amekunja kanga kiunoni na kuniambia nimpeleke Bibi Godeberthe. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimempeleka Bibi Godeberthe.

Alivaa vitenge vya kanisani na viatu vya mwanawe. Jimu imejaa vijana, vioo, vyuma. Afande kaketi kwenye kiti kirefu, mguu mmoja kaunyoosha mbele, haukunjiki. Venuste na Jean-Paul wameshafika. Jean-Paul ananenepa! Macho meupe, anacheka hovyo.

Walianza wao. Mia moja. Mia na kumi. Mia na ishirini. Mia na ishirini na tano! Jimu nzima ikapiga makofi. Nikasimama kueleza kwamba kilo hizo ni zangu, nimezipanda mimi kwa wiki tatu, Venuste kazilaza tu kitandani. Afande akaniambia nikae.

Kisha zamu yangu. Afande akamtazama Bibi, akanitazama mimi.

“Mwalimu, mimi nasema lete mutu ya mazoezi. Wewe naleta mama yako?”

Nilitamani sakafu inimeze. Bibi hakungoja nijibu. Aliegemeza fimbo ukutani, akaja katikati, akapiga magoti juu ya saruji, akainuka. Hakushika kitu. Akapiga tena. Vijana wa vyuma wakaendelea na vyuma vyao. Mara ya sita wakaviweka chini. Mara ya tisa Afande akajivuta akasimama. Mara ya kumi na nne Bibi akajipangusa jasho na kusema, “Vituo vimeisha.”

Afande akaomba daftari. Yesu Maria, daftari! Ukurasa wa Bibi haupo, haujawahi kuwapo! Nikawa nafungua na kufunga kurasa kama mtu anayetafuta wimbo. Bibi akatoa kwenye mfuko wake kipande cha katoni ya sabuni. Mistari ya mkaa: kila siku ya zoezi, mara ngapi, na kigoda kilikuwa shubiri ngapi kutoka chini. Siku za kupumzika kaweka duara. Hakuna duara hata moja lililorukwa.

Afande aliisoma ile katoni muda mrefu kuliko nilivyosoma kitabu.

“Hii goti yangu,” akasema polepole, “inakataa mimi tangu natoka jeshi. Hata kanisa nasali na kukaa.” Akaeleza ana wenzake saba, wastaafu kama yeye, wote hivyo hivyo, wanasaidiwa na wajukuu kutoka chooni. Akaamua palepale. Vijana asubuhi ni wa Venuste. Wazee ni wangu, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, baada ya Pasaka. Ila nifuate ile programu aliyofuata mama, akasema, hiyo hiyo.

Mimi niliyekuja kufundisha mashujaa, nipewe vikongwe saba na Afande mwenye goti! Nikafungua mdomo kukataa. Bibi Godeberthe akajibu kwa niaba yangu kwamba nimekubali na nashukuru.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Mimi si Mkatoliki. Nimekwenda kwa ajili ya sayansi. Jua kali, watu wengi, msalaba mbele.

Kituo cha kwanza akainuka. Cha pili akainuka. Cha tatu mikono minne ikanyooshwa tayari kumdaka, na wale wanaume wawili wa mwaka jana wakasogea. Bibi akawatazama tu. Mikono ikarudi mifukoni. Akainuka.

Mimi nikihesabu kwa vidole. Cha kumi na mbili, pale watu hukaa magotini muda mrefu, nikaona mguu wake unatetemeka. Nikagundua nimeshika mkono wa shati la mtu na kuusokota. Nikageuka. Venuste. Hakuutoa. Bibi akasimama, na sote wawili tukapumua.

Mwishoni aliniita mbele ya watu, akanishika kichwa kwa mikono miwili na kunibariki kwa Kirundi. Nabintu alilia waziwazi. Mimi nisiye Mkatoliki nikaitikia “Amina.” Hali hii si ya kawaida kwangu.

Jumatatu, 21 Aprili

Kesho naanza na wazee wa Mbarara. Nimekaa tangu asubuhi nikitafakari: kwa nini Bibi alifaulu na Jean-Paul akaharibika, wakati mwalimu ni mmoja? Nimepata jibu. Jean-Paul ana roho dhaifu. Bibi ana kipaji. Na kama kipaji hicho kilifika pale kwa ukurasa mmoja tu wa kunakili, bila mimi kuweka akili yangu, fikiria kingefika wapi kama ningeuboresha!

Kwa hiyo nimeuboresha. Wiki sita zimekuwa mbili. Kigoda nimekiondoa, tunaanzia chini moja kwa moja, na chuma mabegani, Afande akiwa wa kwanza ili wenzake waige. Siku tatu zimekuwa sita, nitamweleza nikifika.

Nabintu amesoma karatasi juu ya bega langu na kuuliza siku za kupumzika ziko wapi.

Nimezifuta. Wazee hawa wamepumzika tangu walipostaafu. Inatosha.