Vigingi Vinne, Mbuzi Sita

Ijumaa, tarehe 6 Machi

Siku njema! Baba mkwe ametuma neno: Jumapili, ibada ikiisha, atakuja kuona kiwanja chetu, naye atatuletea ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe mzima, wetu! Sharti ni moja tu: akute pori la nyuma ya nyumba limefyekwa lote. Hawezi, amesema, kuwakabidhi nyoka ng'ombe wake.

Mke wangu akanikumbusha kwamba tuna wiki tatu tangu tuhamie hapa, na sijafyeka hata pa kutandika mkeka. Akanipa panga. Nikiamka alfajiri kesho, akasema, hadi jioni kazi imekwisha. Maskini! Wahenga walisema akili ni mali. Hawakusema panga ni mali.

Jirani tunayepakana naye ni mwalimu mstaafu; kila mtu humwita Mwalimu. Ana mbuzi sita wenye njaa isiyokoma. Nikamwomba aniazime, nikimweleza kuwa namfanyia hisani ya malisho ya bure. Akauliza nitawafunga wapi. Nikamwambia asiwe na shaka. Mpakani kuna vigingi vinne vya chuma, havina kazi. Nikaving'oa, nikavipigilia katikati ya pori letu, nikawafunga mbuzi. Mke wangu akauliza kitalu chake cha kabichi kitakuwaje. Nikamjibu kwamba mbuzi hawali kabichi wakiwa na vichaka. Nawajua mbuzi.

Jumamosi, tarehe 7 Machi

Mbuzi wanakula kabichi.

Vichaka hawakuvigusa. Walivilegeza vigingi, wakavikokota hadi kitaluni, na kulipopambazuka kabichi zote zilikuwa vijiti. Mke wangu hakupiga kelele. Angepiga, ningepata nafuu. Alinong'ona neno moja, akanipa panga kwa mara ya pili, akaingia ndani. Binti yetu wa miaka minne, ambaye tunamwita Kasuku kwa kuwa hakuna asichokirudia, akasimama mlangoni na kulirudia neno lile kwa sauti. Sitaliandika hapa.

Haya, panga basi! Nikawarudisha mbuzi kwa mwenyewe, nikavirudisha vigingi mpakani. Mke wangu akaita kutoka dirishani kwamba nipime kwa kamba. Kamba ya nini? Nina macho. Ukungu ulikuwa mzito kidogo, lakini macho ni macho.

Nikafyeka! Tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Nikang'oa visiki saba. Malengelenge viganja vyote viwili. Mwalimu akaja na kiti chake, akaketi kunitazama. Wivu, nikajua. Akanielekeza kisiki nilichokisahau, akaniletea chai mara mbili, na mwishoni akanishika mkono na kusema kwamba vijana kama mimi hawazaliwi tena. Nikakubaliana naye.

Jioni mke wangu akatoka na kamba. Akapima kuanzia ukuta wa nyumba. Akapima tena. Kisha akaketi chini, akacheka hadi machozi yakamtoka. Nimelifyeka pori la Mwalimu. La kwetu limesimama vilevile, pamoja na nyoka wake.

Nikamwendea Mwalimu kumuuliza kwa nini hakuniambia. Akanijibu kwamba alifundisha miaka thelathini, na hajawahi kumkatiza mwanafunzi aliyeshika kazi vizuri.

Nikamwambia mke wangu kwamba nimekosea kigingi kidogo tu, baba mkwe asijue. Kasuku alikuwa pale, akinyonya kidole.

Jumapili, tarehe 8 Machi

Mpango madhubuti: nimzungushe baba mkwe kwa salamu pale kanisani mpaka jua litue. Gizani, pori na uwanja ni kitu kimoja.

Tuliketi benchi la tatu, baba mkwe kando yangu. Ng'ombe aliyekuja naye alifungwa nje, akilia kila tulipoanza kusali. Ukafika wakati wa shukrani, na Mwalimu akasimama. Kwa miaka minne, akasema, amemwomba Mungu ampatie mtu wa kumfyekea pori lake. Na jana Mungu alimtuma jirani, bila kuitwa, bila ujira. Akanionyesha kwa mkono. Kanisa zima likapiga makofi! Mchungaji akanisimamisha. Baba mkwe akavimba kwa fahari, akanigonga bega. Nikainamisha kichwa kama mnyenyekevu. Dakika tamu kuliko zote maishani mwangu.

Kasuku akapanda juu ya benchi. Akatangaza, kwa lafudhi yangu kabisa: "Nimekosea kigingi kidogo tu, baba mkwe asijue!"

Mchungaji akajificha nyuma ya kitabu cha nyimbo. Mabega yake yalitikisika kwa muda mrefu.

Salamu hazikuhitajika tena. Baba mkwe alikwenda moja kwa moja kiwanjani. Akatazama kwetu, akatazama kwa Mwalimu, akaniuliza mimi ningekuwa ng'ombe ningechagua wapi. Akamfunga kwa Mwalimu, juu ya ardhi niliyoitolea jasho! Maziwa ya wiki hii ni ya Mwalimu, naye atampelekea Kasuku kikombe kimoja kila asubuhi. Jumapili ijayo, pori likiwa bado lipo, ng'ombe atakwenda kwa shemeji yangu, mtu ambaye hawezi kukusalimu bila kulitaja shamba lake.

Jumatatu, tarehe 9 Machi

Mikono inawaka moto. Panga limelazwa kizingitini. Siwezi kutoka bila kuliruka. Nimeliruka mara tano. Ng'ombe ananitazama kutoka ng'ambo ya mpaka, akitafuna. Naona amenenepa tangu jana.

Nimeyapima makosa yangu bila kujipendelea. Mbuzi hawana hatia. Panga ndilo lililoniponza: kabla ya kulishika, sikuwahi kumfyekea mtu mwingine hata jani. Na vigingi vilikuwa vifupi mno. Mbuzi anataka nguzo ndefu, iliyochimbiwa barabara. Bahati nzuri tunazo mbili, zile za kamba ya kuanikia nguo, kandokando ya pori lenyewe.

Mwalimu amenipa mbuzi wote sita kabla sijamaliza kuomba. Amekuja nao mwenyewe, na kiti chake kwapani. Nimewafunga, watatu kila nguzo.

Mke wangu alikuwa ameshaanika nguo zetu zote za kanisani kwenye kamba ileile, akaenda kisimani. Hakuna tatizo. Mbuzi hawali nguo wakiwa na vichaka.