Mgeni wa Heshima wa Kiwanja cha Ndege

Sylus Mwadime hakuingia kanisani Jumapili ile kutafuta wokovu. Aliingia kwa sababu jua la Voi lilikuwa kali, na kwa sababu aliambiwa kwamba baada ya ibada kuna chai na mandazi. Bwana huwaita watu kwa njia nyingi, na kama mandazi ni mojawapo, si juu yetu kubisha.

Alikaa benchi la nyuma akiwa na jaketi lake la manjano linalong'aa, lile la mafundi wa barabara. Hakuwa fundi wa barabara wala wa kitu kingine. Alikuwa amegundua tu kwamba mtu akivaa jaketi hilo na kushika kipande cha bomba, hupita geti lolote la nchi hii na askari humpigia saluti. Kuna mji mmoja ambako jaketi hilohilo liliunganishia maji mtaa mzima, na mabomba yale hayajapitisha hata jasho. Mji huo Sylus hakupanga kuurudia.

Wakati wa matangazo, Mzee Hudson alisimama mbele. Alikuwa mzaliwa wa Mwanda aliyemaliza ujana wake akilinda kiwanja kidogo cha ndege nje ya mji. Alisema kiwanja kimemezwa na miiba, mbuzi wanalala kwenye njia ya ndege, na wakubwa wamemwambia kwamba kisipofyekwa na kuzungushiwa ua kabla wakaguzi hawajaja, kitafungwa kabisa na ardhi itapewa kazi nyingine. Kisha akaanza kukumbuka, na kanisa lote likakumbuka pamoja naye. Zamani rubani alikuwa akipita chini mara moja juu ya mabati ya mji, na hiyo ndiyo ilikuwa simu yake. Hudson angeruka juu ya baiskeli, akafukuze mbuzi na pundamilia, huku ndege ikizunguka angani ikimngoja. Maharusi walipelekwa pale kupigwa picha kando ya bawa. Wakesho, kiongozi wa kwaya, alisema ndege ya daktari ilimbeba mama yake kutoka pale akiwa hajitambui, akarudi akitembea kwa miguu yake. Akina mama wakatoa leso. Hata mchungaji alivua miwani akaipangusa.

Sylus naye aliguswa. Mahali penye machozi mkono wa mtu huwa karibu sana na mfuko wake, maana leso na pesa hukaa nyumba moja.

Akasimama. "Bwana asifiwe. Mimi ni Injinia Sylus. Nilikatazwa kusema mapema, lakini moyo wangu umeshindwa. Kampuni yangu inaleta ndege hapa. Kubwa. Asubuhi Nairobi, jioni Mombasa. Kutajengwa jengo la abiria, na maduka machache sana."

Ilikuwa ajabu kuona jinsi kumbukumbu zinavyokauka haraka. Leso zilirudi mifukoni. Munyao, mwenye bucha, ambaye alikuwa akilia kuliko wote, aliuliza kama abiria wa ndege hula nyama. Morris, mwalimu mkuu mstaafu, alitaka kujua kama duka linaweza kuwa na ghorofa. Wakesho aliuliza kama wazungu bado hununua vikapu, akasahau kabisa kwamba alikuwa akimzungumzia mama yake. Ni Mzee Hudson peke yake aliyebaki amesimama, akiuliza kama hizo ndege kubwa zitapita chini kwanza juu ya mabati. Watu walikuwa wamegeukia mlango. Chai ilikuwa imeletwa.

Wiki ile Sylus alifanya kazi kuliko wakati wowote wa maisha yake, jambo linaloonyesha kwamba uvivu si dhambi yake kubwa. Alimchukua kila mnunuzi peke yake hadi kiwanjani, akavuta kamba huku na huku, kisha akamsimamisha juu ya kichuguu kimoja kilichokuwa katikati ya miiba.

"Hapa ndipo wanaposhukia," alimwambia Munyao. "Mtu ametoka Ulaya, ana njaa, mlango unafunguka. Anaona nini?"

"Nyama," Munyao akasema kwa unyenyekevu.

"Nyama ya nani?"

"Yangu."

"Yako peke yako. Lakini hii, mzee, ni siri yako, yangu na ya Mungu."

Munyao akafikiri. "Na Mungu lazima ajue?"

Sylus alimhakikishia kwamba Mungu hana mpango wa kufungua bucha. Munyao akaridhika na kulipa. Kesho yake kichuguu hichohicho kikawa hoteli ya Mwalimu Morris, na siku iliyofuata kikawa duka la vikapu la Wakesho. Mchwa wenyewe hawakuulizwa.

Malipo yalikuwa ya noti tu, kwa kuwa simu huacha alama, na noti ziliingia kwenye mkoba mweusi ambao Sylus aliubeba kifuani kama mtoto mchanga. Mkoba huo ndio ulikuwa maisha yake. Alikuwa amechoka kukimbia miji, kwa sababu miji yenyewe ilikuwa inaanza kuisha. Alitaka kazi hii iwe ya mwisho, kisha aende mahali ambapo hakuna anayemjua, anunue mashine ya kusaga unga na awe mtu wa kuheshimika, mwenye vumbi jeupe kwenye nyusi. Jumamosi mchana angepanda treni.

Alhamisi aliitwa na Kavinya. Huyu alikuwa mama wa Kikamba aliyeletwa Voi akiwa bibi arusi, na sasa nusu ya mji ilisimama kwa simiti na mabati ya duka lake. Pia ndiye aliyeitwa kuendesha mnada katika kila harambee ya kanisa, maana alikuwa na sauti na hakuwa na haya. Alimpa Sylus kiti na soda, akasema kwamba yeye pia anataka duka pale uwanjani. Sylus akamuuzia kichuguu. Kavinya akalipa bila kuomba apunguziwe. Mama wa duka la vifaa vya ujenzi asiyebishana bei ni jambo la kumtia hofu mtu yeyote mwenye akili, lakini siku hizo Sylus hakuwa na akili, alikuwa na mkoba.

"Jumamosi asubuhi tuna harambee ya ua wa kiwanja," Kavinya akasema. "Tunataka uwe mgeni wa heshima, injinia."

Sylus alianza kutaja kazi nyingi alizokuwa nazo.

"Na tutaomba utusaidie jambo jingine dogo. Kamati yetu haiaminiani. Pesa za paa la kanisa zililala nyumbani kwa wanakamati, na kila zilipolala zilikonda. Safari hii tumeamua kikapu kibebwe na mtu wa nje. Mtu safi."

Kazi nyingi za Sylus ziliahirishwa papo hapo. Usiku huo alipiga magoti kando ya kitanda cha gesti na kumshukuru Mungu kwa dhati, akisahau tu kutaja kilichomfanya ashukuru.

Jumamosi hema lilisimamishwa kiwanjani, mahali Mzee Hudson alipofyeka kwa mkono wake mwenyewe. Sylus aliketi meza ya mbele, akiwa na suti ya kuazima, ua la karatasi kifuani na mkoba mapajani. Munyao alikuwa na mkewe mstari wa kwanza. Morris alivaa tai. Kila mnunuzi alikuwa akikitupia kichuguu jicho la mwenye mali, kisha akimtazama jirani yake kwa huruma, kama abiria wa mbele anavyowatazama wanaoning'inia mlangoni.

Kavinya aliishika asubuhi ile kama mtu anayeshika ng'ombe pembe. Aliinua jogoo mwekundu na mnada ukaanza. Katika harambee zetu mnunuzi habebi jogoo nyumbani. Hulipa, hupigiwa makofi, kisha husema kwa sauti ya utakatifu kwamba anamrudisha, na jogoo huuzwa upya, hadi ndege huyo anakuwa ameleta zaidi ya ng'ombe na bado ana manyoya yote. Lakini siku ile jogoo alisuasua. Walionunua kichuguu walikuwa wamebaki bila kitu, na walitoa sarafu huku wakikohoa ili zisisikike. Mzee Hudson alitazama kikapu, akatazama miiba iliyofika mbali hadi chini ya kilima, akainamisha kichwa.

"Sasa mgeni wetu," Kavinya akasema kwenye kipaza sauti. "Mnajua desturi. Mgeni wa heshima haji na mkono wake peke yake, huja na mchango wa marafiki zake. Wengine huenda Nairobi kuwatafuta marafiki hao. Huyu amewatafuta hapahapa. Wiki nzima amepita akichangisha kwa ajili ya ua huu, kwa siri, mtu mmoja mmoja, na akawaapisha wasiseme ili wasije wakajisifu."

Watu wakaguna kwa mshangao mtamu. Sylus aliukumbatia mkoba.

"Ndugu Munyao, simama watu wakuone. Ni kweli au si kweli kwamba ulimpa injinia kitu kikubwa?"

Munyao alisimama nusu. Alimtazama Sylus, akamtazama mchungaji, akamtazama mke wake, ambaye hakuwa na habari ya kitu chochote kikubwa. Angeweza kueleza kwamba wakati kanisa likililia kiwanja, yeye alikuwa akijinunulia katikati yake.

"Ni kweli," akasema.

"Ulitoa kwa ajili ya nini, ndugu yangu?"

Mkewe aliinua uso kumsikiliza.

"Ya ua," Munyao akasema, kama mtu anayeng'olewa jino.

Makofi na vigelegele vikalipuka. Mke wake alilia kwa furaha, maana kwa miaka mingi alikuwa amemwombea mume huyu apate moyo wa kutoa, na kumbe maombi yalikuwa yamefika. Mwalimu Morris hakungoja kuitwa. Yeye ni msomi, alielewa upesi. Alisimama akatangaza kwamba naye alitoa, akaongeza mawili matatu kuhusu umuhimu wa miundombinu. Wakesho aliona zamu yake inakuja, akaanzisha wimbo wa sifa kwa sauti ya juu kabisa, na hakuna anayeweza kumhoji mtu katikati ya sifa.

Chini ya kelele hizo Kavinya aliinama sikioni mwa mgeni wake.

"Injinia, una njia mbili. Ya kwanza, fungua mkoba. Ya pili, nimwulize Munyao swali jingine, na leo ametoka moja kwa moja buchani."

"Umejuaje?" Sylus akauliza bila kusogeza midomo.

"Ukimuuzia mtu duka, atakuja kwangu kuuliza bei ya mabati. Walikuja wote kwa zamu, wakinong'ona. Kaka, wewe ni hodari, lakini uliwauzia watu kabla ya kuuliza hapa mtaani nani anauza misumari."

Sylus alifungua mkoba. Noti zilimwagika kwenye kikapu, na kikapu kikafurika, na Mzee Hudson akaweka mkono mdomoni. Baada ya hapo walimwomba hotuba, naye akaitoa, na ilikuwa hotuba nzuri kuliko zote alizowahi kutoa, kwa sababu kwa mara ya kwanza machozi hayakuwa ya kujitengenezea. Wengi waliokoka siku hiyo.

Kisha wakamwombea. Walimzunguka, wakamwekea mikono kichwani na mabegani, mikono mizito ya shukrani, na ule wa Munyao ulikuwa mzito kupita yote na ulikuwa karibu sana na shingo. Mchungaji alianzia mbali, kwenye uumbaji. Treni ya mchana ilipiga honi ikiondoka, naye alikuwa bado hajafika kwenye gharika. Kikapu hakikubebwa na mtu wa nje. Kavinya aliona ni salama zaidi kipelekwe moja kwa moja dukani kwake, ambako ndiko nguzo, waya na simiti vingenunuliwa, kwa bei ambayo hakuna aliyeiuliza, kwa kuwa maombi yalikuwa yamekwisha fungwa kwa amina.

Lakini ua ulisimama, hilo lazima lisemwe. Wale waliotoa kwa siri hawakuweza kukataa panga hadharani, kwa hiyo miiba ilifyekwa na mwalimu mkuu mstaafu na kiongozi wa kwaya. Munyao alikibomoa kichuguu peke yake, kwa sururu, kwa hasira ambayo watu waliita bidii. Sylus alichimba mashimo ya nguzo, maana hakuwa na nauli, na kila mpita njia alisimama kumbariki. Wakaguzi walikuja, wakapima, wakanung'unika kidogo kama wakaguzi, wakaondoka bila kufunga kitu.

Ndege ya kwanza kuja ilikuwa ndogo, ya daktari. Ilipita chini juu ya mabati ya mji. Mzee Hudson aliruka juu ya baiskeli kama kijana, akakanyaga hadi kiwanjani huku kofia ikimwanguka, na alipofika hakukuta mbuzi hata mmoja. Walikuwa wote nje ya ua, wakitafuna na kumtazama. Kazi aliyoililia hadharani ilikuwa imemalizwa na waya. Alifungua geti. Kisha akaingia, akaendesha baiskeli njia yote kutoka mwisho hadi mwisho, akipiga kengele na kufukuza hewa, na rubani, ambaye huenda alikuwa mtu mwema au huenda alikuwa haoni vizuri, akazunguka angani akamngoja amalize.

Sylus aliyatazama hayo akiwa ameegemea nguzo aliyoichimbia shimo. Kavinya akaja akasimama karibu naye na vikombe viwili vya chai.

"Watu wa Rukanga wanataka kisima," akasema. "Kuna matajiri kule hawajatoa kitu tangu wazaliwe. Wanahitaji mgeni wa heshima."

"Nitawaambia nini?"

"Hilo ni juu yako. Kisima kuchimbwa, hilo ni juu yangu."

"Na mabomba yatatoka wapi?"

Kavinya alikunywa chai yake, akitazama upande wa duka lake. Sylus alifikiri kwa muda mrefu kwa kipimo chake, yaani hadi kikombe kikawa nusu. Kisha akauliza kama kule Rukanga wana uwanja wa mpira, maana alihisi vijana wa mahali pale wanastahili kitu kikubwa zaidi ya kisima.