Alama za Chaki Ukutani

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nina miaka sabini na sita, kifua kimebaki upande mmoja, na sitaki kufa na uongo tumboni. Naungama humu daftarini, maana Padri wetu siku hizi hasikii vizuri.

Noela, binti yangu, amenipa hadi Jumamosi. Ati siwezi tena kuishi peke yangu hapa Temeke, kwa kuwa mkono wa kushoto, upande waliotoa titi, hauvuki bega. Jumamosi nianike shuka mbele yake. Nikishindwa, ananihamishia kwake Mbezi, nyumba ya vigae, ambako msichana wa kazi ataninawisha uso. Bora kaburi!

Gervas, mtaalamu wa mazoezi wa hospitali, ameagiza vidole vyangu vipande ukuta kila asubuhi, polepole, na vinapoishia niweke alama. Chaki ninazo. Nilifundisha hesabu miaka thelathini na miwili.

Jumanne, 10 Juni

Aibu! Zubeda, mpangaji wangu, aliyetibiwa ugonjwa huohuo mwaka uleule niliotibiwa mimi, anatumia ukuta huohuo wa uani. Alama yake imeipita yangu kiganja kizima. Akaniuliza, kwa sauti ya asali, kama Mwalimu nimeota mizizi. Kisha akanifunga kilemba bila kuombwa!

Alipoingia jikoni nikachora alama mpya juu ya yake. Kwa mkono wa kulia, ule mzima. Naungama: nilichapa watoto kwa makosa madogo kuliko hili.

Jumatano, 11 Juni

Zubeda kaiona alama, katoa macho. Hakunywa chai mpaka ameifikia. Nikaipandisha yangu shubiri moja zaidi. Kaapa haachwi nyuma na mwanamke wa Songea, tena mwenye magoti kama yangu. Nikaketi mkekani nikala mihogo. Kazi ngumu sana, udanganyifu.

Ijumaa, 13 Juni

Alama yangu imekaribia bati. Zubeda naye yuko nyuma vidole viwili tu. Leo, kwa mara ya kwanza tangu augue, kajifunga kilemba chake mwenyewe na kufua kanga tatu bila kupumzika. Akanishukuru! Asema bila uchokozi wa Mwalimu angekuwa bado anavalishwa kama mwari.

Nilikosa pa kuweka uso. Nikajaribu kwa kweli. Vidole vikafika usawa wa bega, vikagoma.

Jumamosi, 14 Juni

Noela kaja saa nne na shuka la sita kwa sita. La makusudi! Alipoziona alama akapiga vigelegele, akaniambia hongera mama, hebu gusa ya juu kabisa.

Nikasema jua kali. Akauliza tangu lini jua likakaa begani. Nikapandisha mkono. Maumivu yakanitoa machozi. Zubeda akanihurumia, akataka kunielekeza: akanyoosha mkono wake mgonjwa, akaigusa yeye ile alama ya juu. Noela akamtazama, akanitazama, akaitazama chaki mfukoni mwangu. Nikasema yote.

Noela alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akalia. Alisema hataki kunifunga Mbezi, anaogopa tu kunikuta sakafuni siku moja, na mie sina mkono wa kujiinulia.

Amenipa mwezi mmoja. Sharti: Zubeda anisimamie kila asubuhi, atie tiki kwenye karatasi pale tu atakapoona mwenyewe kidole kimefika wapi.

Jumapili, 15 Juni

Nimetoka misa na amani tele. Nimeahidi mbele ya altare: sidanganyi tena, nitapanda ukuta kwa jasho langu.

Zubeda kaja na karatasi, kalamu na ukali wa mkuu wa shule. Kesho saa moja kamili, Mwalimu, na safari hii hamna janja.

Tatizo lake moja: bila miwani hauoni hata ukuta wenyewe. Na miwani imepotea tangu mchana, masikini. Nimemsaidia kuitafuta kwa moyo wote. Uvunguni, kabatini, jikoni. Kila mahali, ila chini ya mto wangu.