Rubani Wetu Mnaturudishia Akiwa Amechoka

Kikundi cha Mwethya cha Kyeni,
Matiliku, Makueni.

Kwa Mkuu wa Marubani, Nairobi.

Mheshimiwa,

Natumaini u mzima. Sisi huku Mungu ametushikilia. Mimi ni Kalekye Muthama, mwenyekiti wa mwethya, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, na pia ni shangazi yake rubani wenu Kyule. Barua yenu tumeipata. Mnasema Kyule akishuka Mombasa juzi alisoma kipimo cha urefu akaona futi elfu kumi na tatu, kumbe ni elfu tatu, mpaka mwenzake akamshtua. Mnasema ni uchovu. Mnataka siku zake za mapumziko tumwache alale, la sivyo atapoteza kazi.

Jameni! Wa kulalamika ni sisi.

1. Jumamosi iliyopita alifika mtoni saa moja asubuhi, macho mekundu kama pilipili. Tunajenga bwawa la mchanga, yaani ukuta wa mawe wa kuzuia mchanga na maji mtoni, kabla ya mvua ya Novemba, na kila nyumba hutoa mtu wa kubeba mawe. Kwa kuheshimu masomo yake, nikampa pia pimamaji aone kama ukuta umelala sawa. Akakiangalia kile kiputo cha ndani, akasema uko sawa. Ukuta umeinama kuelekea shamba la jirani yetu Mulwa, na Mulwa hajabeba hata jiwe moja. Mvua ikinyesha, maji yote ni yake.

2. Tulimwomba afunge kazi kwa sala. Akasema Baba wa mbinguni, akanyamaza. Wanawake ishirini na wawili tukasimama robo saa, macho tumefumba, tukingoja Amina. Kumbe amelala wima, ameegemea jembe. Mchungaji alimsifu kwa utulivu wa rohoni, nami sikumsahihisha.

3. Jioni hiyohiyo akampimia jirani yangu Mbithe ndengu zake. Gunia la kilo tisini akasoma kilo tisa. Mbithe alilia akidhani wadudu wamemaliza mavuno, ikabidi apewe maji ya sukari.

Sasa nani anamchosha huyu mtoto? Kwetu ni mawe tu Jumamosi, Jumapili ibada hadi saa nane, kisha kamati ya mazishi, na Jumatatu alfajiri anawanywesha ng'ombe wangu kabla ya kurudi kwenu. Hapo uchovu uko wapi? Hata mgeni hupewa jembe siku ya tatu, sembuse mtoto wa nyumbani. Nyinyi mnampa kiti! Tena nasikia ndege ikishapanda inajiendesha yenyewe. Wilbaro yetu haijiendeshi.

Kwa hivyo tunaomba alale huko kazini, kutoka Nairobi mpaka Mombasa, mwenzake asome vipimo. Ijumaa mtuletee kwa ndege, mtue kwenye uwanja wa shule ya msingi, mbuzi tutawaondoa. Mkikataa, basi mtuletee huyo mwenzake abebe mawe, maana anaonekana amelala vya kutosha.

Kyule nilimbeba mgongoni mimi mwenyewe, na sitaki afutwe kazi. Lakini bwawa lisipokwisha tutarudi kuchota maji kilomita saba, na hilo pia silitaki.

Nisalimie mafundi wa ndege, wale mabinti wanaogawa soda, na mama watoto.

Ni mimi, nisiyechoka kuwaandikia,
Kalekye Muthama,
Mwenyekiti.

Tanbihi: Nilitaka kusahau. Jumatatu ya wiki ijayo napanda ndege yenu kwenda Malindi. Binti yangu Kanini amejifungua mtoto wa kwanza. Ndege sijawahi kupanda. Nimeuliza, nikaambiwa rubani ni Kyule. Tafadhali sana, niwekeeni mwingine, mtu aliyelala siku mbili kamili. Huyu wetu Jumamosi ana mawe na Jumapili ana kamati, namjua atakavyokuwa. Na kama hakuna mwingine, nipigieni simu kabla ya Ijumaa. Nitamfuta kwenye orodha ya mwethya, nimfungie chumbani alale, na mawe yake nitayabeba mimi.