Kasoro Thelathini na Moja za Mercedes ya Bi Ashwaq

Jumatatu, 10 Novemba

Siku ya neema. Bi Ashwaq wa ghorofa ya tano, yule mjane wa Kizanzibari, ameniita kutoka langoni. Jumapili anahamia Maskati kwa bintiye. Mercedes ya marehemu mumewe, ya mwaka 1979, imelala kwenye maegesho ya chini miaka sita. Ameuliza kama najua thamani yake. Ananiuliza mimi, mtu aliyetoa lori Nakuru mpaka Kisumu bila breki, nikilisimamisha kwa kulikaripia! Nimemwambia aniachie.

Chacha, mlinzi mwenzangu, Mkurya asiye na maneno, akauliza kwani mzee Zadock unajua magari ya zamani. Nikamwambia aendelee kufuta vumbi. Kila Ijumaa analifuta gari lile bila kuombwa wala kulipwa. Mtu wa ajabu.

Jumanne, 11 Novemba

Nimepanda metro mpaka Deira. Kitabu cha bei za magari ya kizamani, cha mtumba, dirham kumi. Kila gari lina safu nne za bei. Ya kwanza ni gari la kuwekwa kwenye maonyesho, ya nne ni la kusukumwa. Mercedes yetu: safu ya kwanza elfu tisini na tano, ya nne elfu kumi na nane.

Waliokiandika hawakuona walichoandika. Mimi nimeona. Kwa mama huyu mjane nafungua safu ya nne. Kwa mnunuzi, ya kwanza. Katikati hapo nasimama mimi. Nyumbani wanajua nina yadi ya magari huku ughaibuni, mtaa wa Al Rigga. Sasa itakaribia kuwa kweli.

Jumatano, 12 Novemba

Bi Ashwaq amegoma. Mumewe alilitunza kama mtoto, vipi liwe la safu ya nne? Akasema haya, niandikie kasoro zake nizione.

Nikashuka. Nikatoa upepo gurudumu moja ili pawe na ushahidi. Nikaandika kasoro thelathini na moja. Namba 9: injini inakohoa kama mvuta sigara. Namba 14: usukani unavuta kuelekea Saudia. Namba 22: harufu ya ngamia, chanzo hakijulikani. Nikatia sahihi na neno Mtaalamu mbele ya jina.

Alisoma yote, miwani puani, akashusha pumzi. Akasema ahsante baba, umeniokoa. Sikuelewa nimemwokoa na nini. Nikapokea sifa.

Alhamisi, 13 Novemba

Nuwa, Mganda anayetafutia matajiri magari ya kizamani, alikuja saa nne asubuhi. Tayari nilikuwa nimemtumia picha ya bei ya safu ya kwanza kitabuni. Nilipanga asionane na mama. Mama alikuwa ameshashuka, fimbo mkono mmoja, karatasi yangu mkono wa pili.

Akampa hata salamu hazijaisha. Akasema dini yake haimruhusu kuuza kitu bila kumtajia mnunuzi aibu zake, na Mwenyezi Mungu amemletea Zadock wa kuziandika. Nuwa akasoma kwa sauti, palepale karibu na lifti. Alipofika kwa ngamia alishika ukuta. Akaniuliza, ssebo, bwana wangu, hii ndiyo safu ya kwanza? Nikamwambia ndiyo, ukianzia kuhesabu upande ule mwingine. Akaondoka.

Ijumaa, 14 Novemba

Bi Ashwaq amesema gari la kasoro thelathini na moja hawezi kumuuzia kiumbe yeyote. Nikajitolea kulinunua mimi, kwa safu ya nne, kwa mkopo. Akasema hawezi kumdhulumu mtu aliyemwambia kweli.

Amempa Chacha. Bure. Kwa sababu ya vumbi!

Chacha akajaza upepo, akaweka betri mpya, likawaka mara moja. Halikukohoa.

Jumamosi, 15 Novemba

Chacha amemwita Nuwa, akampa kwanza karatasi yangu, kama mama alivyofanya. Nuwa akakagua kasoro moja baada ya nyingine, saa mbili nzima. Hakupata hata moja. Kuhusu gurudumu, Chacha alisema lilikosa upepo tu, na kwamba kifuniko cha valvu alikikuta juu ya meza yangu ya langoni. Alisema hivyo bila kunitazama.

Nuwa akalipa bei ya safu ya pili, elfu sabini. Chacha akapanda nazo zote ghorofa ya tano. Wakabishana, kila mmoja akimsukumia mwenzake, mpaka wakagawana nusu kwa nusu. Watu wawili wasiojua biashara.

Jumapili, 16 Novemba

Bi Ashwaq ameondoka. Mimi ndiye wa mwisho kuagwa. Amenipa sahani ya halua, na karatasi yangu imekunjwa juu yake. Akasema baba Zadock, kutunga unajua, basi utunge hadithi. Nadhani ni sifa.

Nimetafakari nikila halua. Kosa langu lilikuwa moja tu: mwandiko wangu ni mzuri mno, unatambulika.

Mzee wa ghorofa ya tatu ana pikipiki ya mwaka 1966. Leo ameuliza kama kuna anayejua bei yake. Kitabu hakina pikipiki, ila nimechukua bei ya lori nikaigawanya kwa magurudumu. Nimefika kasoro ya kumi na tisa. Mkono wa kushoto unachoka haraka.