Mkono wa Mtakatifu Biagio

Bologna, Jumatatu, 11 Januari 1638
Miaka tisa nasaga rangi kwenye karakana ya Bwana Lattanzio. Leo kasema picha ya altare ya Mtakatifu Biagio imemzidi, anataka msaidizi. Mimi na Orsola, mpwa wake, kila mmoja amchore askofu kwa chaki nyekundu. Ijumaa Padri Celso, aliyeiagiza picha, atachagua. Atakayeshinda atampaka rangi mtakatifu, pale juu, watu wote wamwone. Atakayeshindwa, kwenye kinu cha kusagia rangi. Mpwa! Na mimi nina nani?

Jumanne, 12 Januari
Bruno mchukuzi wa mikate alisimama mbele yetu asubuhi nzima tumchore. Mkono wa kulia juu, akibariki, umening'inizwa kwa kamba usichoke. Wa kushoto umeshika fimbo ya uaskofu. Orsola alimaliza kabla ya chakula. Bruno hana kidole cha mwisho mkono wa kushoto, na Orsola hakumwongezea. Nikamwambia mtakatifu hawi na vidole pungufu. Akanijibu, kaka Gaspare, leo chora unachokiona, kidole tutampa kwenye rangi.
Askofu wangu alitoka kama mtu anayefukuza kuku. Nimemchana.

Jumatano, 13 Januari
Roho haitulii. Nimezunguka uwanja mara nne. Nimekula soseji bila kujua ladha yake.
Halafu likanijia wazo. Chaki nyekundu ukiilazia karatasi iliyoloweshwa na kuigandamiza, inahamia kwenye karatasi hiyo. Walipokwenda kula, nikautia mchoro wa Orsola kwenye mtambo wa kuchapia, karatasi yangu iliyolowa juu yake. Nikakaza. Akatoka askofu mzuri hadi machozi yakanilenga. Nikakoleza mistari kidogo, basi ni wangu.
Wa Orsola ulibaki umepauka. Aliporudi aliupapasa, akauliza mbona una unyevu. Nikasema mvua. Nje jua linawaka. Akakaa kuukoleza upya.

Alhamisi, 14 Januari
Nimeilinganisha michoro kwa siri. Wake anatazama dirishani, wangu anatazama mlangoni. Nimefurahi sana. Nani atasema nimeiga?


Ijumaa, 15 Januari
Padri Celso kautazama wangu. Akauliza ni lini Kanisa limeanza kubariki kwa mkono wa kushoto. Mkono huo, akasema, yeye hampi nao mtu hata kipande cha mkate.
Nikaapa kwamba nimemchora Bruno kama alivyosimama. Hapo hapo Bruno kaingia na kapu lake. Akaitazama mikono yake, akautazama mchoro, akaniuliza kwa upole pengo la kidole chake limehamia mkono wa kulia lini. Padri alicheka hadi akakaa chini. Bwana Lattanzio hakucheka.
Orsola ndiye atakayempaka rangi mtakatifu. Mimi nirudi kwenye kinu. Imeniuma, sitaki kudanganya hapa.  Orsola akaja akaniwekea kipande cha mkate, akasema taratibu, kaka Gaspare, ungeniomba nikufundishe ule mkono, ningekufundisha.
 Mkate niliula.

Jumamosi, 16 Januari
Nimesaga rangi tangu alfajiri, na akili nayo inasaga. Nimewaza sana maneno ya Orsola. Nimewaza pia aibu ya jana. Nimeona kosa langu lilipokuwa.
Niligandamiza mara moja tu.
Ile nakala ilitoka imegeuka kama kwenye kioo; ningeigandamiza tena juu ya karatasi nyingine, mkono wa kubariki ungerudi kulia na pengo la kidole lingerudi kushoto. Jambo dogo hivyo! Na leo Orsola ameanza kumchora malaika wa pembeni. Ameacha mchoro mezani, ametoka na mjomba wake kula. Malaika huyo ana vidole vyote, nimevihesabu.
Nimelowesha karatasi mbili.